Shemeji Cheche Anapanda Meli

Shemeji yangu hakuwahi kukiri kwamba anaogopa maji. Alikuwa akisema, "Mimi na maji hatujazoeana," kama mtu anayemzungumzia jirani aliyehamia juzi. Miaka thelathini na mitano ya ndoa yake na dada yangu ilikuwa imepita bila yeye kuingia kwenye maji yaliyozidi ya beseni. Ni mchomeleaji wa vyuma. Mageti, madirisha, mapaa ya maghala, vyote anafanya, na mtaa mzima unamwita Cheche. Juu ya paa la ghala anakaa kwenye chuma chembamba kama ndege kwenye waya, anapiga mluzi, wala hashiki popote. Lakini mpeleke kando ya bwawa la kuogelea uone. Ataanza kuuliza saa ngapi.

Kwa hiyo mapacha wao walipojichanga wakawaletea wazazi tiketi za meli ya kitalii, siku saba baharini, dada alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Shemeji alizishika zile tiketi, akazigeuza, akasoma nyuma ambako hapakuwa na maandishi yoyote, halafu akasema:

"Asanteni sana, wanangu. Na ya treni haikuwepo?"

Dada ni fundi cherehani, na mtu wa namna yake ukimpa safari ya siku saba unampa kazi ya miezi miwili. Alishona magauni saba, moja kwa kila jioni ya meli. La kwanza la buluu, la pili la njano, la tatu lenye mabega wazi ambalo shemeji aliliangalia akakohoa. Shemeji mwenyewe alifungasha suruali mbili na viatu vya kazi.

"Baba Pacha, viatu vya kazi vya nini?" dada alimuuliza.

"Huwezi kujua, Mama Pacha."

Mimi ni mdogo wake dada, karani wa shule, na siku hizo shule zilikuwa zimefungwa. Nikajitolea kuwapeleka bandarini kwa gari langu. Mvua ilitushika njiani. Mwanzoni ilikuwa ya kawaida, lakini tulipovuka daraja la mwisho kabla ya mji wa bandari, wipa zilikuwa zinahangaika tu, na upepo ulikuwa unalisukuma gari pembeni kama mtu anayetafuta nafasi ya kukaa. Shemeji alikuwa kiti cha nyuma. Kila upepo ulipovuma nilimsikia akisema kwa sauti ndogo, "Eeh. Eeh. Vizuri."

Ukumbi wa abiria ulikuwa mkubwa, una viti vya chuma vilivyofungwa pamoja, mgahawa mdogo kwenye kona, na ukuta mzima wa vioo unaotazama gati. Meli ilitakiwa kufunga gatini saa sita mchana na kuondoka saa kumi. Tulipochungulia nje, tuliiona mbali kabisa, kitu cheupe kinachotokea na kupotea katika mvua. Abiria kama mia mbili walikuwa wameketi na masanduku yao, kila mtu kavaa nguo zake nzuri, kila mtu anatazama kioo.

Msimamizi wa abiria alikuwa dada mmoja mwembamba mwenye sare ya kijani na kipaza sauti cha mkononi. Alipanda juu ya stuli.

"Ndugu abiria, tunaomba subira. Upepo umezidi kiwango. Mlango wa bandari ni mwembamba, na meli ikiingia sasa hivi inaweza kusukumwa ukutani. Nahodha anasubiri nje mpaka hali itulie."

Saa nane alipanda tena. "Ndugu abiria, tunaomba subira." Saa kumi vilevile. Kufikia saa kumi na moja hakuna aliyekuwa na haja ya kujua jina lake. Ukumbi mzima ulikuwa unamwita Bi Subira, na mwenyewe akawa anaitika.

Watu walinuna. Mwalimu mkuu mstaafu aliyekuwa ameketi mbele yetu alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, mikono mgongoni, kama yuko kwenye gwaride. Bibi arusi mmoja aliyefunga ndoa juzi alilia kidogo begani kwa mumewe. Lakini shemeji yangu! Kila tangazo lilimwongezea siku za kuishi. La kwanza alifungua kifungo cha shati. La pili alinyoosha miguu. La tatu aliinuka akatununulia chai na andazi, na kwa kawaida shemeji hanunui andazi lisilopikwa na dada.

"Shemeji, leo umechangamka," nikamwambia.

"Hali ya hewa ni kazi ya Mungu, shemeji yangu. Sisi ni nani?"

"Usimcheke Mungu, Baba Pacha," dada alisema. "Najua unachoomba."

"Mimi? Naombea wasafiri wote."

Jioni nikataka kurudi nyumbani. Askari mlangoni akaniambia nisijisumbue: lile daraja tulilovuka lilikuwa limefunikwa na maji, na barabara imefungwa. Hakuna anayeingia mjini, hakuna anayetoka. Basi na mimi nikawa abiria bila tiketi. Bi Subira aliwatafutia vyumba wazee na wenye watoto wadogo katika hosteli ya mabaharia iliyo jirani. Sisi tuliobaki tukaletewa magodoro, tukaambiwa tujipange ukumbini.

Hapo ndipo nilipomwona dada akifungua sanduku. Akachukua gauni la buluu, akaenda nalo msalani. Alipotoka, mgahawa mzima uligeuka. Gauni lilikuwa linafika chini, lina mkunjo mmoja ubavuni uliokuwa ukifunguka kila alipopiga hatua. Mguuni alikuwa na ndara, maana viatu vyake vya kisigino vilikuwa vimelowa.

"Mama Pacha, unakwenda wapi?" shemeji aliuliza.

"Siendi popote. Leo ni jioni ya kwanza. Meli iwepo isiwepo, jioni ya kwanza ni leo."

Wanawake wakatazamana. Mke wa mwalimu mkuu, mama mnene mwenye kicheko cha kifuani, akavuta sanduku lake. "Hata mimi nina langu," akasema. Dakika chache baadaye foleni ya msalani ilikuwa ndefu kuliko ya chai. Mama mmoja alitoka na gauni lililofumuka kwapani, dada akatoa sindano kwenye pochi na kulishona hapohapo likiwa mwilini. Bibi arusi akaleta lake, lilikuwa refu kupita kiasi. Bi Subira mwenyewe akaja kwa aibu kidogo: pindo la sketi yake lilikuwa limening'inia tangu asubuhi. Dada alimgeuza huku na huku kama mwanasesere, pini mdomoni, akalimaliza.

Kisha mtu akaweka muziki kwenye simu. Sauti ilikuwa ndogo kama ya mbu. Bi Subira akaiweka simu mbele ya kipaza sauti chake, na muziki ukajaa ukumbini. Nje upepo ulikuwa unapiga vioo, ndani mwalimu mkuu alikuwa anacheza na mkewe kwa hatua za zamani, sahihi kabisa, huku akihesabu kwa sauti. Shemeji alicheza na dada muda wote. Nilimsikia akimwambia, "Unaona? Tumeshafika. Hii si ndiyo raha yenyewe? Tena sakafu haitikisiki." Dada alicheka mpaka akaegemea kifua chake. Lakini muziki ulipokwisha, nilimwona amesimama peke yake mbele ya kioo, akiifuata meli kwa macho. Taa zake zilikuwa mbali, ndogo sana. Alisimama pale muda mrefu, mkono mmoja kwenye kioo. Shemeji naye alimwona. Alikaa kwenye godoro akavua viatu polepole, furaha yake yote imemponyoka.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika na upepo umelala. Saa mbili meli iliingia, nyeupe, ndefu, ikajaza ukuta wote wa vioo. Ukumbi ulilipuka. Watu walikumbatiana na watu wasiowajua. Dada alinishika mikono tukarukaruka kama wasichana wa shule ya msingi. Shemeji alipiga makofi mawili, basi.

Shangwe haikufika saa tatu. Bi Subira alipanda kwenye stuli yake, na safari hii hakuanza na subira.

"Ndugu abiria, nisikilizeni vizuri. Daraja la kupandia meli limeharibika. Upepo wa jana umelipigiza gatini, bawaba ya upande mmoja imepasuka."

Daraja lenyewe tuliliona: njia pana ya chuma yenye vishikio, inayotoka gatini hadi mlango wa meli. Ilikuwa imeinama upande kama mtu mwenye bega linalouma. Meli ina ngazi yake ndogo, Bi Subira alieleza, lakini maji yakiwa juu inasimama wima mno, na humu kuna wazee na watu wa magongo. Fundi wa bandari anaishi ng'ambo ya lile daraja lililofunikwa na maji. Na upepo unatarajiwa kurudi jioni.

"Nahodha amesema ataondoka saa tisa alasiri, kabla upepo haujarudi. Tukishindwa kupanda mpaka hapo, meli itaendelea bila sisi, na safari yetu itafutwa." Akatazama ukumbi mzima. "Mashine ya kuchomelea ipo karakana. Mchomeleaji ndiye hayupo. Je, kati yenu kuna mtu anayeijua kazi hiyo?"

Nilimtazama shemeji. Shemeji alinitazama.

"Nyamaza, shemeji," akaninong'oneza.

"Sijasema kitu."

"Macho yako yanasema."

Dada alikuwa amepiga magoti hatua tatu kutoka kwetu, anafupisha gauni la bibi arusi, pini nne mdomoni. Alikuwa amesikia kila neno. Hakugeuka. Mkono wake uliendelea kuingiza sindano na kuitoa, kuingiza na kuitoa, bila haraka. Angeweza kuzitema zile pini na kusema, "Mume wangu huyu hapa." Hakusema. Mpaka leo nikikumbuka namna alivyonyamaza, naelewa kwa nini ndoa yao imefika hapo ilipofika.

Shemeji aliangalia mgongo wake. Akaangalia dirishani, kwenye ule mwanya kati ya gati na meli, ambako maji meusi yalikuwa yanapanda na kushuka. Bi Subira alikuwa ameshaanza kushuka kwenye stuli.

"Binti," shemeji akaita. Akakohoa. "Binti, hiyo mashine ni ya aina gani?"

Mhandisi wa bandari, mzee mmoja asiye na mzaha, hakukubali kirahisi. Alimpeleka shemeji karakana, na sisi wachache tukafuata. Akampa vipande viwili vya chuma chakavu. "Viunge," akasema. "Nitavipiga nyundo. Kiungo kikiachia, unarudi ukumbini."

Sasa, nafasi ilikuwa hiyo. Angeunganisha ovyo kidogo tu, asingelaumiwa na mtu. Angerudi akiwa ameinamisha kichwa, wote tungempa pole, na kesho angekuwa nyumbani kwake kwenye nchi kavu. Nadhani wazo hilo lilimpitia, kwa sababu alisimama kidogo na ile ngao ya uso mkononi. Lakini akachukua kijiti cha kuchomelea, akakipapasa kwa vidole, akakinusa, na hapohapo akawa mtu mwingine.

"Hivi vimeshika unyevu," akasema kwa ukali, kama ndiye mwenye karakana. "Nani anahifadhi vitu namna hii? Vinatakiwa joto kwanza. Mna oveni?"

Oveni ilikuwa ya mgahawa. Mpishi alikuwa ameweka keki ndani. Ilibidi keki zitolewe kabla ya wakati, zikaingia trei mbili za vijiti vya kuchomelea, na mpishi akabaki amesimama pale na taulo begani, anaangalia kupitia kioo cha oveni. "Nikuulize tu," akamwambia shemeji, "nivigeuze?"

Zilipita saa mbili, na saa mbili hizo zilikuwa ndefu. Vijiti vilipotoka, shemeji aliunga vile vipande viwili. Mhandisi akavibana kwenye jiriwa akapiga nyundo mara moja, mara mbili, mara nane. Chuma kilipinda kama ulimi. Kiungo hakikutoka hata punje. Mhandisi alikiangalia kile kipande, akakitia mfukoni mwa koti lake, akasema, "Twende."

Bawaba iliyopasuka ilikuwa chini ya daraja, upande wa majini. Hakuna namna ya kuifikia ila kulala kifudifudi ukingoni mwa gati, kichwa na mikono nje, maji mita kadhaa chini ya pua yako. Walimfunga mkanda wa usalama. Nilimwona akiangalia ule mwanya, midomo imemkauka. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kazi, amevikaza kamba mara mbili.

Dada alifika akiwa bado na uzi shingoni. Alichuchumaa karibu naye.

"Baba Pacha. Si lazima."

"Najua."

"Hata tukirudi nyumbani, mimi nimeshacheza. Nimefurahi."

"Jana nilikuona dirishani," shemeji akasema. Halafu akageuka haraka kabla hajajibiwa. "Nishikie miguu. Mkanda ni wao, lakini miguu nishikie wewe."

Basi dada akakaa chini kwenye saruji yenye maji, akiwa na gauni la njano la jioni ya pili alilokuwa amelivaa tangu asubuhi kwa furaha ya kuona meli, akakumbatia miguu ya mumewe. Upepo mdogo ulikuwa umeanza kurudi. Shemeji akapiga kelele kwamba upepo unamharibia kazi, anataka kinga. Mwalimu mkuu, bwana arusi na abiria wengine sita wakaleta turubai, wakalishika pande zote, wamesimama wima kama nguzo. Mwalimu mkuu aliwapanga kwa urefu.

Kisha mwanga wa buluu ukaanza kupiga chini ya gati, na cheche zikawa zinadondoka majini, zinazimika moja baada ya nyingine. Kwanza hatukusikia kitu zaidi ya mlio wa mashine. Baada ya muda nikasikia mluzi. Alikuwa amelala juu ya maji yale aliyoyakimbia maisha yake yote, na alikuwa anapiga mluzi.

Saa saba na nusu alivutwa nyuma. Uso ulikuwa mweusi, shati limelowa. Aliketi, akatazama chini kwenye mwanya, akashtuka kama ndiyo kwanza anayaona maji. "Kumbe yako karibu hivi!" akasema, na watu wote wa turubai wakacheka mpaka turubai likawaanguka.

Walikiacha chuma kipoe. Mhandisi akagonga, akasikiliza, akaagiza mifuko ya mchanga ipangwe juu ya daraja mpaka ikawa mizito kuliko watu hamsini. Daraja halikuguna. Afisa wa meli, aliyekuwa anatazama kutoka mlangoni kwake na sare yake nyeupe, alinyanyua dole gumba. "Sasa atangulie mtu mmoja," akaita.

Bi Subira alisogea. Shemeji akamzuia kwa mkono.

"Hapana, binti. Aliyelichomelea ndiye anayetangulia. Kama nimekosea, niwe wa kwanza kujua."

Akafuta mikono kwenye suruali, akampa dada mkono. Walitembea pamoja, yeye na shati lake la masizi, dada na gauni la njano lililochafuka matope mpaka magotini. Katikati ya daraja alisimama. Nilidhani ameshindwa. Kumbe aliinama akaangalia bawaba yake kutokea juu, akaipiga teke kidogo na kiatu, akaridhika, akaendelea. Alipokanyaga ndani ya meli, gati zima lilipiga kelele. Bi Subira alizipiga zake kwenye kipaza sauti, moja kwa moja kwenye sikio langu, na sikio hilo lilivuma mpaka keshokutwa yake.

Wote walipanda kabla ya saa tisa. Mpishi wa mgahawa alituma keki, zile zilizotolewa mapema, zimebonyea katikati, na ziliisha kabla hazijafika ghorofa ya pili. Meli ilipoanza kusogea niliwatafuta kwenye sitaha. Dada alikuwa ukingoni kabisa, anapunga kitambaa kwa mikono miwili. Shemeji alikuwa nyuma yake, hatua tano kutoka kwenye kishikio, mgongo umegusa ukuta. Lakini alikuwa anapunga.

Barabara ilifunguliwa siku iliyofuata, nikarudi nyumbani. Siku ya nne dada alinipigia simu. Nyuma yake kulikuwa na muziki na mtu anahesabu hatua kwa sauti.

"Shemeji yako nimempoteza," akasema.

Nikasimama wima. "Amepotea vipi? Baharini?"

"Yuko chini, chumba cha injini! Mafundi wa meli wamesikia habari zake, wamekuja kumchukua. Anashinda huko, anaangalia mabomba, anawasahihishia. Anasema huko chini ni pazuri sana, hakuna dirisha hata moja." Dada alicheka, nikamsikia akishusha pumzi. "Lakini jioni ikifika anapanda. Anaoga, anavaa, tunacheza. Jana alifika mpaka kwenye kishikio."

"Akakishika?"

"Alikishika. Akakitikisa. Akasema fundi aliyekichomelea alikuwa na haraka."